Kufaulu Mtihani wa Udereva Siyo Kupata Leseni

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara kuu huufikia mji mdogo wa Sultan Hamud kabla ya kufika Emali. Mji huu ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hata 1902, nao ulizaliwa pamoja na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Upande mmoja wa mji ni Makueni, na upande wa pili ni Kajiado. Kwa hiyo Wakamba na Wamasai huonana hapo sokoni kila siku. Zamani mji uliishi kwa gari la moshi. Siku hizi unaishi kwa barabara, maana malori ya Mombasa hupita hapo usiku na mchana, na madereva wake hushuka kula na kupumzika.

Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi wa sehemu hizo hutamani kazi ya udereva. Mvua ya Ukambani haitegemewi. Mwaka mmoja mahindi hujaa ghalani, na mwaka wa pili hukauka kabla ya kuchanua. Baba mwenye mbuzi wachache au miti ya michungwa huona ni busara kuuza kidogo ili mwanawe ajifunze kuendesha gari, kwa kuwa usukani haungoji mvua.

Lakini liko jambo moja linalowasumbua wengi wao. Kijana hujifunza, hufanya mtihani, hufaulu, na nyumbani hupokewa kwa furaha. Kesho yake hudhani ya kuwa amekwisha kuwa dereva. Kisha siku hupita, na majuma hupita, na kadi ya leseni haionekani. Tajiri mwenye lori hamtaki mtu asiye na leseni, na fedha za mbuzi zimekwisha. Ndipo watu huanza kuulizana: Baada ya kufaulu, leseni huchukua muda gani?

Ili kulijibu swali hili inafaa kwanza kufahamu njia yenyewe. Nchini Kenya kazi hii imo mikononi mwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, ijulikanayo kwa herufi NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mwanafunzi hupata kwanza leseni ya muda ya kujifunzia, na gari analojifunzia huwekwa alama ya herufi L. Mtihani unapofika huulizwa maswali ya sheria na alama za barabarani, huonyeshwa ubao wenye mfano wa mji ili aeleze jinsi ya kupita katika njia zake, kisha huendesha gari mbele ya mtahini. Akifaulu, matokeo yake huingizwa katika kumbukumbu za Mamlaka. Baada ya hapo ni juu ya mwanafunzi mwenyewe kuomba leseni kwa njia ya mtandao wa serikali uitwao eCitizen na kulipa ada.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba leseni itakuja yenyewe kwa sababu wamefaulu, nao hukaa nyumbani wakingoja. Matokeo ya mtihani ni ushahidi kwamba mtu anajua kuendesha. Leseni ndiyo ruhusa ya kuendesha. Sheria ya Usafiri Barabarani, Sura ya 403, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1954 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo, hairuhusu mtu kuendesha gari barabarani bila leseni halali. Kwa hiyo aliyefaulu jana na bado hajapewa leseni ni mwanafunzi bado mbele ya sheria, hata kama anaendesha vizuri kuliko mwalimu wake.

Katika nchi nyingine desturi ni tofauti. Huko Uingereza mtihani ulifanywa kuwa lazima mwaka 1935. Mtu akifaulu huko hupewa cheti na mtahini, na kwa cheti hicho aweza kuendesha gari siku ile ile. Lakini asipoomba leseni kamili katika muda wa miaka 2, mtihani wake hupotea na ni lazima aufanye tena. Nchini Kenya pengo hili limezibwa kwa hati ya muda, ambayo mwombaji huipata kwa mtandao baada ya kulipa na huweza kuichapisha kwenye karatasi. Hati hiyo haihitaji kungoja kiwanda, kwa hiyo hupatikana mapema zaidi kuliko kadi.

Kadi yenyewe ni habari nyingine. Wazee watakumbuka kitabu kidogo chekundu, ambacho kilibandikwa karatasi kila kiliporudishwa upya. Kitabu kile kilikuwa rahisi kutengenezwa, na kwa sababu hiyo kilikuwa rahisi pia kuigizwa na wadanganyifu. Tangu mwaka 2017 Kenya ilianza kutoa kadi ngumu yenye kipande kidogo cha kuhifadhi habari za dereva. Ada yake ilipangwa kuwa shilingi 3,050 kwa leseni ya miaka 3. Mwombaji hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole katika kituo alichokichagua, kama vile Huduma Centre ya Wote au ya Machakos. Kisha kadi hutengenezwa, hupelekwa kituoni, na mwenyewe huarifiwa kwa simu.

Kwa hiyo jibu la swali letu halina tarehe moja kwa watu wote. Hati ya muda yaweza kuwa mkononi mara tu matokeo yakisha kuingizwa na ada kulipwa. Kadi huchukua majuma, na ziko nyakati zilizopita ambapo kadi tupu zilipungua, maombi yakarundikana, na watu wakangoja miezi mingi. Hilo si kosa la mwombaji, wala hakuna faida kulificha. Serikali ikichukua ada ya mkulima, ni haki yake kupewa alicholipia kwa wakati, na kuambiwa kweli kama kuna kuchelewa.

Hata hivyo, si kila kuchelewa hutoka ofisini. Mara nyingi jambo hukwama kwa sababu ndogo. Jina katika kitambulisho ni Mwikali, na katika maombi limeandikwa Mwikale. Herufi moja yatosha kuzuia kazi yote. Mwingine amebadilisha nambari ya simu, na habari ya kwamba kadi iko tayari imekwenda kwa mtu asiyemjua. Mwingine amelipa, lakini hakwenda kupigwa picha. Na mwingine aliandika kituo cha Nairobi kwa sababu alikuwa akifanya kazi huko, naye sasa amerudi Kasikeu na kuulizia Wote, wakati kadi yake imelala Nairobi.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Dereva mpya na aweke daftari. Aandike siku aliyofaulu, siku aliyolipa na siku aliyopigwa picha, na risiti zote azihifadhi mahali pamoja. Akiona matokeo hayajaingizwa, na aende kwanza kwa shule yake ya udereva, maana shule ndiyo iliyompeleka mtihanini. Akiona yameingizwa na kadi haiji, na apeleke nambari ya maombi kwa ofisi inayohusika. Mtu mwenye nambari na tarehe husaidiwa upesi. Mtu mwenye malalamiko matupu huambiwa arudi kesho.

Kuna hatari mbili za kuogopwa katika siku za kungoja. Ya kwanza ni wale wanaozungukazunguka vituoni wakiahidi leseni kwa siku moja. Fedha zao ni nyingi, na kadi yao mara nyingi ni ya uongo. Mwenye kukamatwa nayo hupelekwa mahakamani, na madalali hao hawaonekani tena. Ya pili ni kuendesha gari bila leseni kwa kufikiri kwamba safari ni fupi tu, toka Sultan Hamud hata Emali. Ajali haiulizi urefu wa safari. Ikitokea, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa kwa kuwa dereva hakuwa na leseni, na deni hilo laweza kulimeza shamba zima la baba aliyeuza mbuzi wake.

Basi kijana aliyefaulu na ashukuru, aombe leseni siku ile ile, achukue hati yake ya muda, na aingoje kadi akiwa na risiti zake mkononi. Na makarani wanaoshika maombi hayo wakumbuke kwamba nyuma ya kila nambari yuko mtu anayengoja kazi. Juma moja mezani pa karani ni mshahara wa juma moja uliopotea katika nyumba fulani ya Makueni.