Wapangaji wa Kurasini Walionunua Ekari 30

Kurasini ni sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Iko jirani na bandari. Kwa miaka mingi watu wengi waliishi hapo katika vyumba vya kupanga. Walikuwa wachuuzi, mafundi, mama lishe, na wapagazi wa bandarini. Wengi walitoka vijijini kama sisi.

Mwaka 2007 na 2008 Serikali ilichukua eneo la Kurasini ili kupanua bandari. Nyumba zilibomolewa na maelfu ya watu wakahama. Mwenye nyumba alikuwa na kitu cha kulipwa fidia. Mpangaji je? Mpangaji hana nyumba. Alifunga godoro lake, akabeba sufuria zake, akaenda kutafuta chumba kingine. Pengine chumba hicho nacho kilikuwa katika mtaa utakaobomolewa kesho.

Lakini baadhi ya wapangaji hao hawakutawanyika. Walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba. Walikaa, wakazungumza, wakaamua kutafuta ardhi yao wenyewe. Walipata ekari 30 huko Chamazi, upande wa kusini wa jiji. Leo tutaeleza jinsi walivyofanya.

HABARI HII INATUHUSU NINI?

Ndugu msomaji wa Bunda au Butiama, huenda unajiuliza: mambo ya Dar es Salaam yananihusu nini mimi mkulima wa mihogo na pamba?

Hebu hesabu watu wa ukoo wako walioko mjini. Yupo binti aliyepanga chumba Nyasho au Iringo, pale Musoma. Yupo kijana anayepakua dagaa Mwigobero. Yupo mjomba aliyeko Vingunguti au Manzese, Dar es Salaam. Ukivuna mahindi, gunia moja huenda kwao. Nao wakipata, hukutumia fedha za mbolea au za ada ya shule. Siku mtaa wao ukibomolewa, fedha hizo hukoma. Halafu unaona basi limesimama kando ya barabara, wanashuka na vitanda.

Magonjwa nayo husafiri kwa basi. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam. Hakikukaa huko. Kilienea mikoani, na mkoa wetu wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata wagonjwa. Nchi nzima watu zaidi ya 20,000 waliugua kabla ugonjwa haujatulia. Choo kibovu cha mtaa mmoja wa mjini kinaweza kuleta msiba kijijini kwako.

KWANZA WALIJIHESABU

Shirika lililowasaidia wapangaji hao linaitwa Centre for Community Initiatives. Kwa kifupi huitwa CCI. Si la biashara, wala halitafuti faida. Lilianza mwaka 2004. Linafanya kazi pamoja na shirikisho la vikundi vya watu maskini wa mijini hapa Tanzania. Shirikisho ndilo la wananchi wenyewe. CCI huwapa wataalamu, hutafuta fedha, na huzungumza na wakubwa wa Serikali pamoja nao.

Njia hii haikubuniwa Tanzania. Ilitoka India, katika jiji la Mumbai. Huko, tangu miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakilala kando ya barabara walianza kujihesabu na kuweka akiba. Baadaye mambo hayo yalifika Afrika ya Kusini. Wenzetu wa Kenya nao wana shirikisho lao, Muungano wa Wanavijiji. Usidanganyike na jina hilo. Kule Nairobi mtaa wa mabanda huitwa kijiji.

Wanajihesabuje? Wanachama wenyewe hupita nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi. Huuliza: Nyumba hii ni ya nani? Wapangaji ni wangapi? Maji mnachota wapi, na ndoo ni shilingi ngapi? Choo kimoja kinatumiwa na watu wangapi? Kisha huchora ramani ya mtaa. Kazi ya namna hiyo ilifanyika Keko Machungwa na mitaa mingine ya Dar es Salaam.

Kazi hii ina faida kubwa. Zamani ofisa wa jiji alipoulizwa juu ya mtaa wa mabanda, alijibu kwa kukisia. Sasa wananchi huenda ofisini wakiwa na daftari lao. Mtu mwenye hesabu mkononi hafukuzwi mlangoni kwa urahisi. Sisi wagani tunalijua hilo. Mkulima anayekuja na daftari la mbolea na mavuno husaidiwa upesi kuliko anayesema tu, “Mwaka huu mambo mabaya.”

AKIBA YA KILA SIKU

Jambo la pili ni akiba. Katika vikundi hivi mwanachama huweka kidogo kidogo, hata kila siku. Mweka hazina hupita kwa wanachama, hupokea, na huandika katika kitabu. Mwanachama naye ana kitabu chake. Ndiyo maana kusoma na kuandika ni muhimu. Asiyejua kusoma hawezi kujua kama kilichoandikwa ni mia mbili au ishirini.

Tufanye hesabu pamoja. Chukua mtu anayeweka shilingi 200 kila siku. Kwa siku 30 ataweka shilingi 6,000. Kwa miezi 12 ni shilingi 72,000. Kikundi cha watu 20 wa namna hiyo, kwa mwaka, kitakuwa na shilingi 1,440,000. Hawa si matajiri. Ni watu wa shilingi 200.

Kwa nini kila siku? Kwa sababu mchuuzi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha zake huja jioni na huisha asubuhi. Pia mweka hazina akipita kila siku hujua nani anaumwa, nani kafiwa, nani amepewa notisi na mwenye nyumba. Nadhani faida hiyo si ndogo kuliko fedha zenyewe.

CHAMAZI

Sasa turudi kwa watu wa Kurasini. Akiba yao peke yake haikutosha kununua ardhi na kujenga. Walikopa katika mfuko wa shirikisho, ambao nao ulisaidiwa na fedha kutoka nje. Ardhi ilipopatikana walianzisha chama cha ushirika wa nyumba. Manispaa ya Temeke na wataalamu walishiriki kupanga viwanja.

Wanachama walijifunza kufyatua matofali ya udongo na saruji kidogo. Matofali hayo hushikana yenyewe kwa meno, hivyo saruji ya kuunganishia huwa kidogo sana. Wanawake wengi walifanya kazi hiyo. Nyumba hazikujengwa zote kwa mara moja. Mtu alianza na chumba au viwili, akaongeza baadaye. Walichimba kisima. Majitaka yalipelekwa kwenye bwawa lenye changarawe na matete, ambalo huyasafisha. Sisi tulio karibu na ziwa tunayajua matete. Kumbe yana kazi zaidi ya kujengea uzio!

Je, kila kitu kilikwenda vizuri? Hapana. Lengo lilikuwa nyumba 300 hivi, lakini ujenzi ulikwenda polepole sana. Chamazi ni mbali. Aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda bandarini sasa alihitaji nauli kila siku. Mama lishe aliacha wateja wake Kurasini. Kulipa mkopo kukawa kugumu. Wengine walishindwa kabisa kuhamia huko. Nasema haya kwa sababu mara nyingi habari za miradi huelezwa siku ya kukata utepe tu. Mtu hali nyumba. Anataka nyumba na mahali pa kupatia riziki.

VYOO VYA VINGUNGUTI

Vingunguti ni mtaa mwingine wa Dar es Salaam. Nyumba zimebanana. Choo kikijaa, gari la kunyonya haliwezi kuingia. Basi watu huwaita vijana wanaoitwa “vyura”. Vijana hao huingia ndani ya shimo na kuchota kwa ndoo. Ni kazi ya hatari. Wengine husubiri mvua kubwa, kisha hutoboa choo ili uchafu uende na maji. Huita “kutapisha choo”. Uchafu hupita mlangoni kwa jirani wa chini.

CCI na wananchi walijaribu njia mbili. Ya kwanza ni pampu ya mkono iitwayo Gulper. Bomba lake hutumbukizwa shimoni. Mtu husimama juu, huvuta mpini juu na chini kama anayepampu maji ya kisima, na uchafu hupanda na kuingia katika pipa. Mapipa hubebwa na guta, yaani pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Hakuna mtu anayeingia shimoni.

Njia ya pili ni mabomba membamba ya majitaka. Ilianza kutumika Brazili, miaka ya 1980. Bomba la kawaida la jiji ni kubwa, huchimbiwa chini sana na hupita barabarani. Hili ni dogo. Halichimbiwi chini sana, na hupita kati ya nyumba na nyumba mahali ambapo gari halipiti. Ajabu ni kwamba mabwawa ya jiji ya kusafishia majitaka yako hapo hapo Vingunguti. Nyumba zilizokuwa jirani nayo zilikuwa hazijaunganishwa. Katika miaka ya 2010 baadhi yake ziliunganishwa kwa mabomba hayo. Wenye nyumba walikubaliana bomba lipite uwanjani kwa nani, na nani atazibua likiziba. Makubaliano hayo yalikuwa kazi kuliko kuchimba mtaro.

NJIA ZA KWETU

Zamani dawa ya mitaa ya mabanda ilikuwa kubomoa. Mwaka 1972 Serikali, chini ya Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, ilibadili sera hiyo. Iliamua kuboresha mitaa iliyokwisha jengwa. Manzese ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuwekewa barabara na maji. Lakini kuweka barabara mahali penye nyumba tayari ni gharama kubwa. Lazima baadhi ya nyumba zivunjwe.

Hapa ndipo nataka tusikilizane, ndugu wa Bunda na Butiama. Miji haianzi mjini. Huanza kijijini, kando ya barabara. Tazama Kiabakari siku ya mnada. Tazama Nyamuswa. Shamba la mihogo la jana leo lina fremu ya duka, kesho lina vyumba vya kupanga. Baba anagawa kiwanja kwa watoto watano, kila mmoja anajenga hadi mpakani. Njia inayobaki ni ya mbuzi. Miaka kumi ijayo vyoo vitajaa. Gari litapita wapi?

Musoma mjini tunaona shida hiyo tayari. Mji una miamba. Shimo la choo haliendi chini sana, kwa hiyo hujaa upesi. Na ziwa liko pale chini. Tunakunywa maji yake, tunavua samaki wake.

Kijiji kinayo nguvu ya kuzuia hayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wake. Basi kabla viwanja vya kando ya barabara havijagawanywa, leteni kamba na vigingi. Acheni njia ambayo lori linaweza kupita, siyo baiskeli tu. Wekeni alama za mawe au pandeni minyaa. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Mwiteni ofisa ardhi wa wilaya. Bwana afya naye aitwe kabla ya kuchimba, siyo baada.

Wale wanaotaka kuanzisha kikundi cha akiba wajue kwamba siku hizi kikundi cha kuweka na kukopa lazima kiandikishwe. Ndivyo inavyosema Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mnahitaji katiba, orodha ya wanachama, na viongozi mliowachagua wenyewe. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata atawaonyesha jinsi ya kuandika katiba. Sanduku la fedha liwe na kufuli tatu, na funguo zishikwe na watu watatu wasio wa nyumba moja.

Kama kijiji chako kimekwisha kupima njia zake, mwandikie Mhariri barua. Tueleze njia ina upana wa hatua ngapi, na mlifanyaje na yule aliyekataa kusogeza ua wake.