Mtoto Asiyefika Siku ya Tathmini Huhesabiwaje?

Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 100 wa Gredi ya 6. Wanafunzi 25 wamechaguliwa kwa bahati nasibu kufanya tathmini ya kitaifa: wasichana 15 na wavulana 10. Siku inapofika, wasichana wote wapo, lakini wavulana ni 5 tu. Wengine wako malishoni, mmoja ni mgonjwa.

Tathmini kama hizi hufanywa nchini na Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) kupitia mpango wa NASMLA. Hazitoi cheti. Shabaha yake ni kupima wachache ili kujua hali ya wote.

Ndiyo maana kila anayechaguliwa hupewa “uzito”. Wakiwa 25 kati ya 100, kila mmoja huwakilisha wanafunzi 4. Wakifika 20 pekee, njia rahisi ni kupandisha uzito wa kila mmoja hadi 5, na hesabu inarudi kuwa 100.

Lakini njia hiyo huchukulia kwamba waliokosa wanafanana na waliofika, jambo ambalo mwalimu yeyote anayeshika rejista atalitilia shaka. Tuseme wasichana wamepata wastani wa alama 60 na wavulana 40. Wastani wa waliofika ni 55. Wataalamu huwagawa katika makundi: wasichana wanabaki na uzito wa 4, nao wavulana 5 waliofika wanabeba uzito wa 8 kila mmoja, kwa kuwa wanasimama pia badala ya wenzao. Wastani sasa ni 52. Alama 3 zilizotoweka zilikuwa sifa ambayo shule haikuistahili.

Hata hivyo, marekebisho haya hayaponyi kila kitu. Ikiwa mvulana aliye malishoni yuko nyuma kimasomo kuliko yule aliyefika, hakuna hesabu itakayolifichua hilo kikamilifu. Kwa sababu hiyo tathmini ya kimataifa ya PISA hutaka angalau asilimia 80 ya wanafunzi waliochaguliwa washiriki, na waliokosa hupangiwa kikao kingine pale wengi wanapokosekana. Uwezo, kwa upande wake, huwapima watoto nyumbani, hivyo hata aliyeacha shule hufikiwa.

Kosa lisilorekebishika kwa urahisi ni lile la kumweka mwanafunzi mwingine, mara nyingi mwerevu zaidi, kwenye dawati la aliyekosa. Walimu wakuu wanaombwa wasifanye hivyo hata kwa nia njema. Kiti kiachwe wazi, na jina lisalie kwenye orodha likiwa na alama ya kutohudhuria.

Mzazi ambaye mtoto wake amechaguliwa na hawezi kufika anaombwa kumjulisha mwalimu mapema, aeleze na sababu. Mtoto hataadhibiwa wala kupoteza alama zozote za shule.