Mkono Uliorudi Uwanjani

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, ambako kabumbu ndiyo faraja ya jioni baada ya kazi za mikorosho na ufuta, na ambako tangu Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019 Uwanja wa Majaliwa umekuwa makutano ya wakubwa kwa wadogo, si ajabu kusikia barazani kwamba mchezaji aliyepasuliwa kiungo amekwisha. Kwa wanaosema hivyo, yafaa kusimulia habari ya Mmarekani mmoja, mrushaji wa mpira katika mchezo wa besiboli, kwani mchezo ni mgeni kwetu, lakini mwili wa binadamu ni mmoja.

Katika besiboli, mrushaji husimama juu ya kituta cha udongo na kumrushia mpira mpinzani aliyeshika gongo, umbali wa mita 18 na ushei, mara nyingi kwa mwendo unaozidi kilomita 140 kwa saa. Nguvu hiyo huanzia miguuni, ikapanda kiunoni, ikapita begani, hata ikakifikia kiwiko, ambako upande wa ndani ipo kano fupi inayofunga mfupa wa juu wa mkono na ule wa chini, nayo kwa kila mrusho huvutwa karibu na ukomo wa uwezo wake.

Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, alikatika kano hiyo ya mkono wa kushoto mwezi Julai 1974, akiwa na umri wa miaka 31, na zama hizo jeraha la namna hiyo lilikuwa hukumu isiyo na rufaa. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo, tabibu Frank Jobe, baada ya kumweleza bayana kwamba tamaa ya kurudi ni moja katika mia, alitwaa kano kutoka mkono wake wa kulia, akatoboa mifupa ya kiwiko kilichoumia, akaipitisha humo na kuikaza. Mwenye kutaka kuijua kano iliyotwaliwa na akutanishe gumba na kidole cha mwisho, kisha akunje kilimbili kidogo: ule uzi unaoinuka katikati ndio wenyewe, na wako waliozaliwa bila huo, wala hawapungukiwi na kitu.

Hata hivyo kisu hakikumaliza kazi. Mshipa wa fahamu ulidhoofika, vidole vikakosa nguvu, ikalazimu apasuliwe tena. Mwaka 1975 ukapita wote bila kucheza mechi hata moja ya ligi, akijifunza upya kurusha. Alirejea mwaka 1976, akaendelea hadi 1989, na katika ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya upasuaji ule, ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Sababu ya subira hiyo ni kwamba kano iliyohamishwa, ikiisha kutengwa na damu yake, haina uhai kamili. Hungoja mishipa midogo ya damu iiingie, nyuzi zake zijipange upya, hata izoee kazi ambayo haikuumbiwa. Nayo hatari kubwa imo hapa: maumivu huondoka mapema, kabla kano haijakomaa, hivyo mchezaji hujiona mzima ilhali bado. Ndiyo maana mrushaji hukaa mwaka mmoja au zaidi, akianza kwa mirusho mepesi ya karibu na kuongeza umbali hatua kwa hatua.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayomtawala mwanasoka aliyekatika kano ya ndani ya goti, ambaye naye hupandikizwa kano nyingine, na kwa kawaida hushauriwa kungoja miezi tisa au zaidi. Kwa hiyo viongozi wa klabu na walimu wa michezo, kuanzia viwanja vya shule za Nachingwea hadi Ruangwa mjini, wana dhamana nzito: wasimwite kijana kwa kuwa mechi ni kubwa, bali wamlindie nafasi yake, wamsaidie nauli ya kwenda kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, na wamwachie tabibu ndiye atoe idhini. Mpasuaji hutoa kano, lakini kurudi uwanjani ni amana ya wote wanaomzunguka majeruhi.