Gari Lisilojibu: Kusaka Hitilafu katika Adapta ya USB

Katika gereji za jua kali kandokando ya barabara itokayo Kisumu kupitia Maseno hadi Busia, fundi wa leo huhitaji kipakatalishi pamoja na spana. Taa ya injini iwakapo, yeye huchomeka adapta ya bei nafuu kwenye soketi ya OBD-II yenye pini 16, kisha husubiri msimbo wa hitilafu. Kiwamba kikisema kwamba gari halijibu, kosa kubwa ni kulihukumu gari. Kisanduku cha kudhibiti injini huweza kubadilishwa kwa gharama kubwa ilhali mgonjwa ni adapta. Makala haya yanafafanua jinsi ya kuepuka hukumu hiyo.

Ifahamike kwamba kati ya gari na tarakilishi pana mkalimani. Gari hutoa ishara zake kwa mfululizo, biti moja baada ya nyingine. Chipu iliyomo katika adapta huzigeuza ziwe za USB. Nayo programu kiendeshi huzipitisha kwenye lango lenye nambari, kwa mfano COM3. Istilahi kiendeshi inafaa kuliko dereva, kwani katika gereji dereva ni mtu, naye huenda amesimama papo hapo akisubiri gari lake.

Kwanza, adapta ichomekwe kwenye tarakilishi. Ikionekana katika orodha ya vifaa pamoja na alama ya mshangao, huenda kiendeshi hakipo au kimeikataa chipu. Chipu za CH340, PL2303 na FT232 kila moja ina kiendeshi chake. Chipu bandia huleta balaa zaidi: mwaka 2014, kiendeshi kipya cha kampuni ya FTDI kiligeuza nambari ya utambulisho ya chipu zilizoigwa kuwa sifuri, zikanyamaza ghafla.

Pili, programu ya uchunguzi ielekezwe kwenye lango lilo hilo, na kasi zilingane. Adapta nyingi za ELM327 hutumia kasi ya 38400. Amri ATZ ikijibiwa kwa jina ELM327, mkalimani yu hai.

Tatu, swichi ya gari iwashwe na pini 16 ipimwe dhidi ya pini 4. Volti zipatazo 12 zionekane. Zikikosekana, fyuzi ikaguliwe. Taa ya adapta isimhadae fundi, maana huenda inalishwa na volti 5 za USB.

Hatimaye, lugha yenyewe. Marekani ilishurutisha OBD-II kwa magari ya mwaka 1996 na baadaye. Hata hivyo, baadhi ya magari ya zamani yaliyoundwa kwa soko la Japani, na ambayo huishia Kenya, yana soketi hiyo hiyo bila kuzungumza itifaki zake. Kimya hicho si ugonjwa.

Basi mteja aliyefafanuliwa hatua hizi kwa Kiswahili ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa: je, adapta hii imejaribiwa kwenye gari jingine?