Bastola ya maisha yote: jua inapoishia kabla ya kuinunua

Mfanyabiashara wa nafaka anayetoka Arusha saa kumi alfajiri kuwahi Namanga hahitaji kuelezwa kwa nini baadhi ya wenzake hufikiria kumiliki bastola. Fedha za mauzo zimo garini, barabara ni tupu, na siku ya soko inajulikana na kila mtu, mwema na mbaya. Wapo wanaoamua kuomba leseni, na mara nyingi mtu wa aina hii hununua silaha moja tu, ya kukaa nayo hadi uzeeni.

Hapo hutokea makosa mawili. La kwanza ni kununua kwa macho. La pili, ambalo ni ghali zaidi, ni kudhani kwamba bastola iliyosajiliwa nyumbani itamlinda mwenyewe hadi ng'ambo ya mpaka.

Tuanze na ununuzi. Wanaotaka bastola ya kudumu aghalabu huvutiwa na miundo miwili ya zamani. Wa kwanza ni ule unaoitwa 1911. Ulibuniwa na Mmarekani John Browning, ukapokewa na jeshi la Marekani mwaka huo wa 1911 na kubaki bastola yake rasmi hadi 1985. Magazini yake ya asili hubeba risasi 7 za .45, na ikiwa tupu bastola hii ina uzito wa karibu kilo 1.1.

Wa pili ni Browning Hi-Power. Browning aliuanza, lakini alifariki akiwa Ubelgiji mwaka 1926 kabla ya kuukamilisha. Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN ndiye aliyeumaliza, na bastola ikatoka mwaka 1935 ikibeba risasi 13 za milimita 9. Jeshi la Uingereza liliitumia kwa miongo mingi, hadi lilipoamua kuhamia Glock mwaka 2013.

Miundo hii imedumu kwa sababu ni ya chuma, na kinachochakaa hubadilishwa chenyewe bila kutupa silaha nzima. Springi ya kurudisha mtambo, kwa mfano, ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya muda, kama plagi za gari. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe bei. Liwe vipuri. Muundo wa 1911 hutengenezwa na viwanda vingi. Hi-Power inataka uangalifu zaidi: FN iliacha kutengeneza ile ya zamani, na toleo lake jipya la mwaka 2022 lina muundo tofauti ndani, hata magazini haziingiliani. Jina linafanana, vipuri havifanani.

Swali la pili ni risasi. Ile ya milimita 9 ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Ukipenda .45, muulize muuzaji mwenye leseni kama huipata mara kwa mara, tena umuulize kabla ya kulipa. Bastola isiyo na risasi za kufanyia mazoezi ni chuma cha kabatini.

Kama ni ya mkononi, nenda na fundi wa silaha. Kwanza athibitishe kuwa haina risasi, kwenye magazini na ndani ya mtutu. Kisha atazame mtutu kwa tochi: mifereo iwe wazi, bila mashimo ya kutu. Kwenye Hi-Power za zamani, namba zilizogongwa kwenye mwili, kwenye mtutu na kwenye sehemu ya juu inayorudi nyuma zinapaswa kulingana. Namba iliyokwanguliwa si ya kujadiliwa bei. Ondoka.

Wakazi wa Tanga, Mombasa na miji mingine ya pwani wana adui wa ziada, nao ni upepo wa chumvi. Chuma kilichopakwa rangi ya buluu nyeusi ya kizamani hushika kutu upesi. Kifute kwa mafuta mepesi, wala usikihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwa maana ngozi hutunza unyevu. Mahali pake ni kwenye sefu, mbali na watoto.

Mtu asiye na muda wa mazoezi ajiulize kama anaihitaji kweli. Bastola hizi mbili hutaka nyundo ivutwe nyuma kabla ya risasi ya kwanza, na mkono usiozoea hukosea hasa wakati wa hofu. Kutuma fedha kwa benki au kwa simu kabla ya safari ni ulinzi usiohitaji kulenga shabaha.

Sasa tuje mpakani. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, limefungulia njia bidhaa, watu na huduma. Bastola haimo katika uhuru huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaziweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ni miongoni mwa waliotia saini, inazitaka serikali kuzitia silaha alama na kuzisajili.

Maana yake kwa mfanyabiashara ni nyepesi. Leseni ya Tanzania si leseni nchini Kenya, na ya Kenya haitambuliki Uganda. Aliyeisahau bastola chini ya kiti akavuka nayo Busia au Sirari hataonekana kama mteja mwema aliyesahau. Ataonekana kama mtu aliyeingiza silaha bila kibali, na gari, mzigo na jina lake vitaingia kwenye kesi hiyo. Mwenye sababu ya kweli ya kusafiri nayo atafute vibali vya pande zote mbili kabla ya safari. Wengine waifungie nyumbani kabla ya kuwasha gari.

Liko pia jambo ambalo wengi hawalifikirii wanaposema wananunua silaha ya maisha yote. Bastola hairithiwi kama shamba. Leseni ni ya mtu kwa jina lake, na akifariki, familia inatakiwa kutoa taarifa polisi. Mtoto anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Mjane anayeikuta kabatini mwaka mmoja baadaye anaweza kujikuta matatani bila kosa la kukusudia.

Kwa hiyo siku utakayoileta nyumbani, mwonyeshe mwenzio mahali zilipo karatasi zake, na mwambie kituo cha polisi cha kuipeleka siku ambayo wewe hupo.