Dume au Jike, Bandani au Uani: Nini Kinaamua Ladha ya Bata Wako?

Tuchukue bata wawili wa hapa Chake Chake, wametotolewa kiota kimoja. Mmoja dume, anazurura mtaani mpaka magharibi. Mwengine jike, analishwa bandani. Wachinje siku moja, wapike chungu kimoja: utakula nyama mbili tofauti. Kwa nini?

Kwanza tumjue bata mwenyewe. Yule wa vijijini kwetu, mwenye nyama nyekundu usoni, kitaalamu ni Cairina moschata, na asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mayai yake hulaliwa siku 35 hivi, wakati ya bata mweupe wa Pekin huchukua 28. Nyama yake pia ina mafuta machache kuliko ya Pekin.

Sasa jinsia. Dume aliyekomaa huweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya jike. Jike humaliza kukua mapema, na baada ya hapo chakula cha ziada hugeuka mafuta chini ya ngozi na tumboni. Dume bado anajenga misuli. Ndiyo maana wafugaji wa kibiashara huchinja majike kwenye wiki ya 10 hivi, na madume wiki ya 12. Usifanye haraka lakini: kwa bata, miguu hukua mwanzo na kidari hufuata. Ukimuwahi sana, unapata mifupa tu. Ukimchelewesha mno nako, kolajeni, yaani nyuzi zinazoshikilia misuli, hukaza, na mkaa utakuishia nyama haijaiva.

Na makazi je? Bata anayetembea, misuli yake inafanya kazi na inahitaji oksijeni. Oksijeni huhifadhiwa na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu. Kwa hiyo bata wa uani mara nyingi ana nyama nyekundu zaidi, mafuta machache tumboni, na ugumu kidogo mdomoni. Wa bandani hunenepa upesi na huwa laini. Ila banda likibana na chini kukiwa majimaji, hasa wakati wa masika, hupata vidonda vya nyayo na kidari. Joto nalo ni tatizo: bata hatoki jasho, hujipoza kwa kutweta, na akizidiwa hula kidogo.

Kuna jambo moja ambalo wengi hatulihesabu: saa za mwisho. Misuli ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Baada ya kuchinja, akiba hiyo hugeuka asidi, na pH hushuka kutoka 7 hivi hadi karibu 6 au chini yake. Asidi hii huchelewesha bakteria. Bata aliyening'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli kutwa nzima huwa ameshaimaliza akiba yake. Asidi haitoshi, nyama inakuwa nyeusi na kuharibika upesi. Kama huna friji, hiyo ni hasara yako.

Basi ukifuga, tenganisha madume na majike, weka maranda makavu, kivuli na maji ya kuzamisha kichwa. Ukinunua, usiangalie ukubwa peke yake: uliza umri, na msafirishe kwenye tenga lenye hewa. Mpe maji, muache atulie, ndipo umchinje.