Staki ya Swichi na Kiongozi Wake

Mwaka 2003 Cisco ilileta swichi za Catalyst 3750 zenye teknolojia ya StackWise. Swichi hadi tisa zilifungwa pamoja kwa kebo fupi za nyuma, na mtandao ukaziona kama kifaa kimoja: anwani moja ya IP, faili moja la usanidi. Catalyst 9300 zilizokuja baadaye huungana hadi nane.

Faida yake anaijua fundi aliyezunguka ghorofa nzima akibadilisha VLAN ya wageni swichi moja baada ya nyingine. Kwenye staki kazi hiyo hufanywa mara moja, kwa kiongozi, na wengine wote hufuata.

Kiongozi huyo hupatikanaje? Swichi zinapowashwa pamoja hufanya uchaguzi. Kwanza huangaliwa kipaumbele, namba kati ya 1 na 15, yenye kubwa hushinda, na kila swichi hutoka kiwandani ikiwa na 1. Zikilingana, hushinda yenye anwani ndogo zaidi ya MAC. Kwa kuwa watengenezaji hugawa anwani hizo kwa mfululizo, mara nyingi uongozi huangukia swichi kongwe kuliko zote, ambayo pengine ndiyo ya kwanza kuharibika. Uamuzi mzito namna hii hauachwi kwa bahati. Amri yenyewe ni fupi, switch 1 priority 15, na anayetakiwa kuwa naibu hupewa 14. Ila amri hiyo haimng'oi kiongozi aliyepo. Hungoja uchaguzi unaofuata.

Fundi akiandika show switch, jedwali dogo humwonyesha namba ya kila swichi, cheo chake, kipaumbele na hali yake. Hali ikisomeka V-Mismatch, swichi hiyo ina toleo tofauti la programu na haijaanza kuhudumia watu.

Kebo za nyuma nazo zifunge pete: ya mwisho itoke swichi ya chini kabisa irudi ya juu. Kebo moja ikikatika, staki huendelea kwa uwezo uliopungua. Zikikatika mbili, staki inaweza kugawanyika vipande viwili, kila kipande na kiongozi wake, vyote viking'ang'ania anwani ile ile ya IP. Vilevile, ili swichi moja ikifa staki isikatwe na mtandao, waya zinazopanda kwenye swichi kuu zitoke kwenye swichi mbili tofauti za staki na zifungwe kuwa kiungo kimoja kwa LACP.

Hatari kubwa zaidi huja siku ya kuongeza swichi. Ikichomekwa ikiwa imewashwa, huwa na uongozi wake, na viongozi wawili hulazimika kushindana. Tuseme imetolewa jengo jingine ikiwa bado na kipaumbele 15, na staki haikuwahi kupangiwa kipaumbele chochote. Mgeni atashinda, staki nzima itajiwasha upya mchana watu wakiwa kazini, na usanidi utakaotawala ni wa jengo lile jingine.

Kwa hiyo swichi ya kuziba pengo la iliyokufa huandaliwa mezani kwanza: modeli ile ile, toleo lile lile la programu, namba ya marehemu, kipaumbele cha chini. Kisha huzimwa, hufungwa kwenye raki, huchomekwa kebo za staki, ndipo huwashwa. Kiongozi huitambua kwa namba yake na kuikabidhi usanidi wa poti zote za mtangulizi wake.